Lori Jekundu na Pampu ya Maksai

Wanawake wa rika langu walipenda vitu vinavyoeleweka: leso mpya, kwaya ya kanisa, sufuria zilizong'arishwa zikapangwa ukutani. Mimi nilipenda gari la kuzima moto. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea kutoka Maragoli na kusimuliwa habari hiyo na majirani, aliniuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi ninapata usingizi.

Nilifika Eldoret nikiwa bibi harusi, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili kwisha. Mume wangu alikuwa seremala wa vitanda na milango. Tulipewa chumba kimoja kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, na kwa kuwa sikuzoea kukaa bure, nilijenga kibanda cha miti na nyasi mkabala na yadi ya mji, nikawa ninapika chai na mandazi. Yadi hiyo ndiyo iliyokuwa na matrekta ya kulimia barabara, mikokoteni ya taka, mapipa ya lami, na kwenye banda la pembeni, peke yake kama bwana harusi, lori jekundu la faya.

Tulisema faya kwa sababu jina jingine lilileta vurugu. Wazee wengi waliita treni gari la moto. Ukiwaambia unakimbia kuona gari la moto, walikuuliza unampokea nani kutoka Kisumu.

Lile lori lilikuwa la jeshi kabla halijawa letu. Mahali palipokwaruzwa, rangi nyekundu ilitoka na kijani cha vita kikachungulia. Nyuma lilibeba tangi la maji, juu ngazi ya mbao, na ubavuni mpira mrefu uliozungushwa kama chatu aliyeshiba. Mbele kulikuwa na kengele ya shaba, na kazi ya kuivuta kamba yake ilikuwa ya mtu aliyekaa karibu na dereva. Siku ya kwanza niliyoisikia nilikuwa nimeshika kikombe cha mteja. Nilitoka nje na kikombe chake, nikalifuata lori mpaka kona ya maduka ya Wahindi, na mteja akanifuata mimi akidai chai yake.

Kwetu, nyumba ikishika moto, tulipiga mayowe. Watu walikuja na mitungi na majani ya migomba, wakapigana na moto kwa mikono, na mara nyingi moto ulishinda. Kwa hiyo nilipoona gari zima limetengenezwa kwa ajili ya kumkimbilia mtu lisiyemjua, moyo wangu ulijaa. Ni kweli kwamba lilikimbia kwa bidii zaidi likielekea upande wa Wazungu. Hilo tuliliona wote na hatukuhitaji kuambiwa. Lakini lilikwenda pia stesheni, lilikwenda kwenye kinu cha unga, na siku moja lilikuja mpaka lokesheni kwa ajili ya jiko la mjane mmoja, na watu walilishangilia kama timu ya mpira.

Basi likitoka, nami nilitoka. Nilifunga leso kiunoni nikakimbia. Mioto ya mbali, kama ya mashamba ya ngano upande wa Moiben, sikuiweza, nikangoja lirudi na kuwauliza wavuta mpira habari zote: ulianzia wapi, maji yalitosha, upepo ulivuma kutoka upande gani. Walinijibu kwa raha, maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiwauliza. Mjini nikajulikana kama yule mama wa faya.

Siku moja ya kiangazi kengele ililia nikiwa na karai la mafuta jikoni. Nilimwambia mwanamke wa jirani, muuza mboga, aniangalizie jiko, naye akasema "Haya," lakini nadhani hakunisikia, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuwa barabarani. Nyasi za kando ya reli zilikuwa zinaungua. Moto ulikuwa mdogo na mzuri, wa kutazamwa bila huzuni. Wavuta mpira waliumaliza upesi, lori likageuka, nami nikarudi nyuma yake nikitembea polepole, nimeridhika.

Nilipokaribia yadi niliona lori limesimama tena barabarani na mpira umefunguliwa. Moshi mweusi ulikuwa unapanda. Nilifurahi mno. Nilimwambia mtu niliyekuwa ninatembea naye, "Leo tumebahatika, kuna mioto miwili!"

Akanitazama. "Mama, si kile ni kibanda chako?"

Kilikuwa changu. Mafuta yalikuwa yameshika, paa la nyasi likafuata, na wale vijana wa faya walikuwa wanalimalizia kwa maji yaliyobaki kwenye tangi. Hakuna aliyeumia, hata muuza mboga, ambaye alikuwa ameokoa birika langu na kulikumbatia kifuani. Dereva aliponiona alivua kofia yake. Alijaribu kunipa pole, lakini midomo ilikuwa inamcheza, na mara wote walikuwa wamekaa chini ukingoni mwa barabara wakicheka, nami nikacheka pamoja nao, masizi yakitudondokea.

Mume wangu alikuja na msumeno begani. Alilitazama lile jivu lenye maji, akatazama lori, akanitazama mimi.

"Mke wangu," akasema, "moto wa watu unaukimbilia. Wako unamwachia nani?"

Alinijengea kingine kwa mbao na mabati. Kwa muda fulani kila mteja alipoingia aliuliza kama chai ya leo ni ya moto au imeshazimwa.

Nilikuwa na kuku pale kibandani. Mmoja wao, mwekundu, mwenye tabia mbaya, alianza kutagia mahali nisipopajua. Nilimwona akivuka barabara kila asubuhi na kupenya chini ya seng'enge ya yadi. Nilimwomba ruhusa askari wa lango, nikamfuata. Alipita mapipa, akapita matairi makuukuu, akaingia kwenye magugu marefu nyuma ya stoo. Nilipoyatenga magugu nikakuta gurudumu.

Lilikuwa gurudumu la mbao lenye pete ya chuma, refu kufika kiunoni mwangu. Nikatenga zaidi nikakuta la pili. Juu yake lilikaa sanduku kubwa la mbao na bati, na katikati ya sanduku mitungi miwili ya chuma iliyosimama wima, na mabomba ya shaba yaliyogeuka kijani. Pande zote mbili palikuwa na mipini mirefu, mmoja umevunjika, iliyofungwa kama ile mbao ambayo watoto huchezea, mmoja akipanda mwingine anashuka. Kuku wangu alikuwa ndani ya sanduku, juu ya mayai yake, akinikodolea macho kama mwenye nyumba.

Nilimwendea mnyapara wa yadi, Mluo mmoja mrefu aliyependa chai yangu kuliko alivyonipenda mimi, nikamuuliza ile ni nini.

"Ile?" akasema. "Ni faya ya zamani. Ya Makaburu walipokuja. Ilivutwa na maksai, na watu wakasukuma maji kwa mikono. Kabla yangu hiyo."

"Naweza kuisafisha?"

Akanywa chai, akafikiri. "Kwa nini?"

Nikasema, "Kuku wangu anaishi humo." Akaniruhusu.

Tangu siku hiyo, wateja wa asubuhi wakishaondoka na wa mchana hawajaja, nilikuwa nyuma ya stoo na majivu na ndimu, ninasugua shaba. Shaba ina utu. Inakataa, inakataa, halafu ghafla inakutazama usoni. Chini ya ule ukijani yalitokea mabomba ya rangi ya asali, na kwenye ubavu wa sanduku, chini ya uchafu, ikatokea rangi nyekundu nzito kuliko ya lori.

Mzee alitokea siku moja kama hizo. Alikuwa Mnandi wa kutoka upande wa Kiplombe aliyeleta maziwa mjini kwa punda. Punda alifungwa langoni, na yeye akapita ndani kutafuta mtu wa kununua ngozi. Nilisikia hatua zikisimama nyuma yangu. Nilipogeuka nilimwona mtu mwembamba, masikio yametobolewa, koti refu, fimbo mkononi. Hakunisalimu. Aliizunguka ile pampu yote, akainama akatazama chini yake, akapiga gurudumu kwa fimbo.

"Nani amekuruhusu kushika mali yangu?" akauliza.

"Yako, Mzee?"

"Nani mwingine? Niliendesha maksai wa hii kitu mimi. Mji ukiwa barabara moja ya matope na nyumba za mabati. Hata jina la Eldoret hatukuwa nalo, tulisema Sisibo." Akanyoosha mkono kuonyesha ukubwa wa kazi yake. "Maksai wanane. Kengele ikilia walisimama wenyewe kwenda kwenye nira. Hawakungoja mimi."

"Walifika kwa wakati?"

"Siku zote."

Nikainua uso kutoka kwenye shaba.

"Mara moja," akasema, "tulikuta nyumba imekuwa majivu. Lakini yale majivu tuliyazima vizuri sana."

Tangu hapo tulikuwa marafiki. Alikuja kila alipoleta maziwa, akaketi juu ya debe, akaniambia mahali nilipoacha uchafu. Hakushika kitambaa hata siku moja. Alikuwa na majivuno kama jogoo, na hakuvumilia lori lisifiwe mbele yake. Dereva wa lori, kijana wa Kitiriki mwenye utani, alikuwa akija makusudi kumchokoza.

"Mzee, maksai wako wakichoka walitiwa petroli?"

"Lori lako likiona matope linalia kama mtoto," alijibu Mzee. "Mimi nimeliona."

Tukiwa katika raha hiyo, mnyapara akaja na habari mbaya. Vyuma vyote vikuukuu vya yadi vingepelekwa stesheni na kupakiwa kwenye behewa, vikayeyushwe mbali huko. Pampu ilikuwa miongoni mwa vyuma hivyo. Niliinama nikaendelea kusugua kwa sababu sikutaka anione uso.

Mzee alipoambiwa alisimama. "Twende kwa Bwana," akasema.

Kwenda kwa Bwana halikuwa jambo la kuamua hivi hivi siku zile. Mwanamke muuza mandazi hakuingia ofisini mwa Mzungu kwa sababu tu ana moyo. Nilimwomba mume wangu atusindikize. Alikataa jioni yote, na asubuhi akavaa shati lake la kanisani. Mzee alikuja na koti jingine, la kaki, lenye vifungo vya shaba, alilopewa enzi za maksai. Lilikuwa limeliwa na mende kwenye kola, lakini alilivaa kama gavana.

Bwana aliyesimamia yadi alikuwa mnene na mwekundu. Tulimkuta chini ya trekta, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alipotoka, mikono imejaa grisi, alitutazama mmoja mmoja na akakomea kwa Mzee.

"Nyinyi nataka nini?"

Mnyapara, aliyekuwa amesimama pembeni, alieleza. Bwana akaenda nasi nyuma ya stoo. Nadhani hakuwa ameiona pampu hiyo kwa muda mrefu, na bila shaka hakuwahi kuiona inang'aa. Aligusa bomba moja kwa kidole kimoja, akakitazama kidole chake.

"Nani nafanya hii?"

Mnyapara akanionyesha kwa kidevu. Nikatazama chini.

"Hii kitu iko mzee sana," akasema Bwana, sasa kwa upole. "Hapana fanya kazi. Iko takataka tu."

Mzee akasogea. "Bwana, si takataka. Imelala."

Bwana alicheka mpaka tumbo likatikisika. Kisha akatazama paa la stoo, ambalo halikuwa fupi. "Sawa. Kama yeye naweza tupa maji juu ya hii stoo, yeye nabaki hapa. Kama hapana, kwenda stesheni na vyuma ingine."

Tulitoka pale tukitembea haraka, na tulipofika langoni mume wangu akasema, "Mimi nina kitanda cha harusi cha kumaliza. Msinihesabu."

Lakini alikuwa ameshauona ule mpini uliovunjika. Jioni aliurudia peke yake, nikamkuta amepiga magoti, anapapasa kiungo cha mbao kwenye sanduku.

"Njoo uone," aliniambia. "Hapa hakuna msumari hata mmoja. Mtu aliyefanya hivi sasa hayupo duniani, na mbao zake bado zimeshikana." Kitanda cha harusi kilichelewa, na bwana harusi mwenyewe akaja kutusaidia ili kiishe.

Mume wangu alichonga mpini mpya wa musharagi, mti mgumu unaokataa kupindika. Mzee alileta ngozi ya ng'ombe, akailoweka na kuipaka mafuta siku nyingi, wakaikata pamoja kuwa vifuniko vya kuziba ndani ya mitungi, maana ngozi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama maganda. Waligombana juu ya kila kipande. Dereva wa lori, pamoja na utani wake wote, alituletea mpira mkuukuu uliotobokatoboka na akakaa nasi kuuziba. "Nisaidie faya inishinde mimi?" alisema akicheka, lakini alishona. Kuku nilimhamishia kikapuni na mayai yake, naye hakunisamehe.

Vibarua wa yadi walikuwa wameahidi kusukuma mipini. Siku ya majaribio ilipofika, mnyapara alipata amri kutoka juu, akawapeleka wote kuchimba mfereji njia ya kwenda Plateau. Tukabaki na pampu, sanduku limejaa maji, Bwana yuko njiani, na hakuna mikono.

Mzee alikaa chini. Mume wangu alikuwa anatazama viganja vyake kama anayetafuta mikono mingine humo.

Nilivuka barabara mbio. Muuza mboga alikuwa pale, na wauza maziwa wawili, na wanawake wenzangu wa kwaya waliokuwa wanapita kutoka mtoni na nguo. "Acheni hivyo vitu," nikawaambia, "njooni mnisaidie kutwanga."

"Kutwanga nini?"

"Maji!"

Walidhani nimerukwa na akili, lakini walikuja, kwa sababu mtu akirukwa na akili ni vizuri kuwa karibu uone. Niliwapanga nusu upande huu, nusu upande ule. Tukafunga leso viunoni. Bwana alifika na pipa lake la tumbo, akaangalia lile jeshi.

"Haya," nikasema.

Tukasukuma. Upande wetu ukashuka, wa wenzetu ukapanda. Pampu ilikohoa. Mume wangu alikuwa ameshika mpira na mdomo wake wa shaba ameuelekeza mbinguni. Yakatoka manyoya ya kuku. Likatoka tope. Kisha akatoka chura, mzima kabisa, akaanguka kwenye nyasi na kwenda zake. Wanawake walicheka mpaka mipini ikasimama. Bwana akatazama saa.

"Msisimame!" Mzee aliruka kutoka chini. "Ngozi ina kiu! Mwagieni maji juu!" Mume wangu akatupa mpira, akachukua ndoo, akamimina maji mitungini kutoka juu. Mzee alianza kuifokea ile pampu kwa Kinandi, kama anavyofokewa maksai mvivu, huku akiipiga ubavuni kwa fimbo. Mwanamke mmoja wa kwaya, mwenye sauti nzito, akaanzisha wimbo wa kupura wimbi. Sisi sote tuliujua tangu tukiwa wadogo, na mikono yetu iliujua zaidi. Tukashika mwendo. Chini, juu, chini, juu. Nilisikia kitu ndani ya mitungi kikibana, mpini ukawa mzito ghafla, uzito mtamu, na mpira uliokuwa umelala ukaanza kunyooka.

Maji yalitoka kwa mkoromo. Yaligonga ukuta wa stoo. Tukazidisha wimbo, yakapanda mpaka kwenye ukingo wa bati. Tukazidisha tena, na yakaruka, mshipi mrefu mweupe, juu kabisa ya paa, yakapotea upande wa pili.

Tulipiga vigelegele. Kisha tukaona kwamba Bwana hayupo.

Alikuwa amezunguka upande wa pili wa stoo ili ahakikishe kwa macho yake kama maji yatavuka.

Wimbo ulikatika. Mipini ilisimama. Mnielewe vizuri hapa: hatukuwa watu wa kumlowesha Mzungu na kulala nyumbani kwetu usiku huo bila wasiwasi. Muuza mboga alianza kurudi nyuma kidogo kidogo. Bwana akajitokeza kwenye pembe ya stoo. Shati lilikuwa limemganda, kofia imelegea masikioni kama jani la boga. Alikuja mpaka mbele yetu. Akavua kofia, akaipindua, akamwaga maji yaliyokuwamo, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Iko pita," akasema.

Akaenda zake kubadilisha nguo. Tulimsikia akicheka mpaka ofisini.

Pampu ilibaki. Mume wangu aliijengea banda lake kando ya banda la lori, la mtarakwa, na Mzee akalikagua akasema ni dogo, ingawa lilitosha. Dereva wa lori alitupa rangi nyekundu iliyobaki. Kila Jumamosi mchana tulikutana pale sisi wanne, na mara nyingine Bwana mwenyewe alikuja na kopo lake la grisi, akajifanya anapita tu.

Msimu wa mvua uliofuata, lori lilikwenda kwenye moto wa ghala la shamba moja upande wa Moiben. Moto liliuzima. Kurudi lilishindwa. Lilikaa kwenye tope jeusi mpaka kwenye ekseli, na dereva akatembea kwa miguu mpaka mjini, amepakwa udongo hadi nyusi. Alinikuta nikimpa Mzee chai. Alisimama mlangoni. Akaanza kukwangua tope mikononi.

"Sema tu," Mzee alimwambia, bila kugeuka.

"Mzee, naomba maksai."

Mzee alimaliza chai yake yote. Aliomba ya pili. Kisha akaondoka kwenda kutafuta maksai kwa jamaa zake, na kesho yake alasiri tulisimama barabarani, watu wa sokoni wote, kutazama lori jekundu likiingia mjini nyuma ya maksai wanane, Mzee akitembea pembeni na koti lake la kaki, fimbo juu. Alikuwa ameweka sharti moja, kwamba kengele ipigwe kutoka mwanzo wa maduka mpaka yadi. Dereva ndiye aliyeivuta kamba. Alicheka kuliko sisi sote, na kuanzia siku hiyo hakumuuliza Mzee habari za petroli tena, isipokuwa mara moja moja.

Mwaka uliofuata tulisikia kwamba Nakuru wameleta faya mpya yenye ngazi ya chuma inayojifungua yenyewe kwenda juu. Safari hii sikuhitaji kumbembeleza mtu. Mume wangu ndiye aliyekwenda kukata tiketi, zetu na ya Mzee, ambaye hakuwahi kupanda treni na alikaa dirishani akiwahukumu ng'ombe wa kila shamba tulilopita.

Tulilala kwa binamu yangu, na asubuhi tukaenda kusimama nje ya banda lao la faya. Mlinzi alituuliza tumepatwa na moto gani. Mume wangu akajibu kwamba hatuna moto, tumetoka Eldoret kuja kutazama gari. Yule mlinzi aliita wenzake waje wamsikie mtu huyo. Lakini watu wa faya ni watu wa faya. Walipotuuliza lori letu ni la namna gani, na mume wangu akaanza kueleza, nami nikamsahihisha, na Mzee akatusahihisha sote, walifungua milango. Walitufungulia ile ngazi. Ilipanda, ikatoa ngazi nyingine kutoka tumboni mwake, na hiyo nayo ikatoa nyingine, mpaka shingo zikatuuma. Mmoja wao aliniruhusu nizungushe mkono wa chuma wa kuirudisha chini. Ulikuwa laini kama kusaga njugu.

Jioni, tukingojea treni stesheni, tulikula viazi vitamu alivyotufungia binamu yangu. Mume wangu alikuwa amechukua mkaa, anachora ile ngazi kwenye ubao wa benchi.

"Naweza kutengeneza ya namna hii kwa mbao," akasema. "Ndogo. Ya lori letu."

"Ya kupanda wapi?" Mzee akauliza. "Mji wetu hauna nyumba ya kufika huko."

"Zitajengwa, Mzee."

Mzee alitafuna, akafikiri juu ya jambo hilo. "Basi waambie wajenge upesi," akasema, "mimi nataka kuona wewe ukipanda."

Tukaanza kubishana ni mti gani utafaa, musharagi au mtarakwa, na treni ilipoingia bado hatukuwa tumekubaliana.